Gitaa Namba Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Kwa Fundi wa Magitaa,

Shikamoo. Hunijui, nami sikujui. Nafanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na kabla nguo haijaingia majini ni mimi ninayepekua mifuko. Ijumaa nilikuta karatasi yako ya bei kwenye shati la mteja, imekunjwa mara nne. Nikamwekea kwenye bahasha pamoja na kitana chake. Alipokuja akachukua kitana, karatasi akasema tupa. Sikutupa.

Nataka kumnunulia mume wangu gitaa. Si la umeme, hili la kawaida la mbao. Mimi sijui kitu. Kwenye karatasi yako yapo matano, namba moja mpaka namba tano, na kwa macho yangu yote ni mapacha, tofauti naiona kwenye bei tu, na mawili ya kwanza hata hiyo hayana. Niliyonayo inafika namba mbili. Namba tatu hata nikiruka siigusi.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tumwite Baba Bonge, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Bonge ni binti yetu, ana mwaka na miezi mitano, mashavu yake yanaingia mlangoni kabla yake. Baba Bonge alikuwa akipiga gitaa la kuazima, la mwenzake wa karakana. Mwenzake akahama nalo. Tangu Juni iliyopita hajapiga, na tangu hapo mtu mwenyewe simpati vizuri. Yupo nyumbani, anakula, anajibu ukimuuliza. Lakini ni kama amekaa chumba cha pili, na sisi chumba cha pili hatuna. Nadhani akipata la kwake atarudi.

Tafadhali usipige simu. Simu yetu inakaa kwenye kigoda na anayekuwa karibu ndiye anayepokea, na ujumbe ukiingia mume wangu anamsomea Bonge kama taarifa ya habari. Sitaki ajue mpaka lifike. Niandikie hapa kwa dobi.

Mama Bonge

* * *

Jumatatu, 10 Februari

Mama Bonge,

Marahaba. Karatasi zangu za bei nachapisha mia, tisini na tisa wanafungia karanga. Wewe umeokota ya mia.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi siuzi gitaa kwa mtu, nauza kwa mkono. Watu wanakuja hapa wananiambia nipe lile jekundu. Nawajibu jekundu ni rangi, nenda kanunue kandambili. Gitaa linachaguliwa kwa namna mtu anavyopiga, halafu kwa mfuko wake, na rangi inakuja mwisho kabisa. Kwa hiyo nijibu haya kabla sijagusa pesa yako.

Anapiga kwa vidole vitupu au kwa kile kipande cha plastiki? Anapiga amekaa au amesimama? Anapigia ndani, watu wawili watatu wasikie, au anapigia nje na kelele za mtaa? Anaimba juu yake au gitaa ndilo linaloimba?

Kwa pesa uliyonayo una namba moja na namba mbili. Bei yake moja, tabia mbili. Namba moja ni dogo, shingo lake jembamba, nyuzi za nailoni, laini kwenye vidole, sauti yake ya chumbani. Wengi wanaonunua ni wanaojifunza. Namba mbili ni kubwa, sanduku lake pana, nyuzi za chuma, shingo nene. Sauti inavuka barabara. Lakini linauma, na mkono mdogo haulizunguki. Yote mawili uso wake ni plaiwudi, sikufichi. Mbao nzima inaanzia namba tatu, na namba tatu umeshaniambia hata ukiruka.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Ingekuwa karibu ningesema mlete. Kwa kuwa ni mbali, nichoree mkono wake wa kushoto. Auweke juu ya karatasi, avitanue vidole, uzungushe penseli pembeni, taratibu, mpaka kwenye kifundo. Miaka thelathini nasoma mikono kwenye karatasi. Mtu anaweza kuniongopea kwa mdomo, kwa mkono hawezi.

Na hiyo Juni, kulikuwa na nini?

Fundi Nyuzi

* * *

Jumatano, 19 Februari

Fundi,

Shikamoo. Najibu kama ulivyouliza.

Anapiga kwa vidole vitupu. Kidole gumba kinatembea peke yake huko juu kama mtu anayepanda ngazi, vile vingine vinacheza chini. Anapiga amekaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje. Kwa hiyo sijui niseme ni ndani au nje. Pale kwetu watu wanapita wakitoka bombani, na zamani walikuwa wanatua ndoo wakidai mkono umechoka. Bombani kwenyewe ni hatua ishirini, umechoka nini. Haimbi. Akiwa na raha sana anapiga mluzi.

Nilikuwa na mimba ya Bonge miezi minane, silali, nimevimba miguu kama mito ya kulalia. Alikuwa anapiga wimbo mmoja usio na jina, anaurudiarudia, mtoto anatulia tumboni. Wimbo huo ndio ninaoutaka. Nisikufiche na mimi, gitaa nanunua la kwake lakini wimbo nautaka mimi.

Mkono nimeuchora, uko nyuma ya karatasi hii. Samahani mstari umekwenda mara mbili pale kwenye kidole cha mwisho, Bonge alinivuta.

Juni yalikuwa mambo ya kazi tu.

Mama Bonge

* * *

Alhamisi, 27 Februari

Mama Bonge,

Nimeuona mkono. Nimeubandika ukutani juu ya meza yangu, na fundi mwenzangu akaniuliza kama naanza kutengeneza milango. Huo ni mkono. Miaka yote hii nimepokea wa ukubwa huo mara mbili, na mmoja ulikuwa wa mchinjaji.

Sina haja ya kufikiri sana. Ungekuwa mkono wa kawaida ningekupa namba moja, kwa kuwa anapigia kizingitini na vidole vitupu. Lakini vidole hivi kwenye shingo la namba moja vitakanyagana. Kila akibonyeza uzi mmoja atakuwa amelalia na wa jirani. Na ngozi ya mchomeleaji haiogopi chuma. Namba mbili ndilo lake. Shingo nimelichonga nikalisugua kwa kufuata karatasi yako, nikaacha unene pale kiganja kinapokaa.

Nyuzi nimezishusha. Ukitaka kulijua gitaa baya, litazame kwa ubavu. Nyuzi zikiwa zimesimama mbali na shingo kama kamba ya kuanikia nguo, hilo litamchosha mtu mpaka alichukie. Za kwake zimelala karibu, sarafu moja tu inapita chini yake.

Pesa nimepata. Mzigo unaondoka Jumatatu. Siku ya kumkabidhi mwangalie usoni, halafu uniandikie.

Fundi Nyuzi

* * *

Jumatano, 12 Machi

Fundi,

Shikamoo. Gitaa limefika salama, halina mkwaruzo. Amefurahi. Anapiga.

Asante kwa yote.

Mama Bonge

* * *

Alhamisi, 20 Machi

Mama Bonge,

Barua yako ni fupi kuliko risiti. Nimeisoma mara tatu nikitafuta uso wa mwanamume niliyekuomba umwangalie, sikuuona. Lakini najua mtu ukiwa na mtoto mgongoni na pasi mkononi huandiki kitabu.

Sasa kazi yangu haijaisha. Gitaa jipya ni kama kiatu kipya, halijajua mguu. Ndani ya bahasha hii kuna nyuzi mpya sita, zawadi, usiniulize bei. Hizi alizonazo apige mwezi mmoja, kisha azitoe, afunge mpya, na zile za zamani unirudishie. Usizifute, usizioshe, wewe nakujua kwa kazi yako. Zije na uchafu wake. Kwenye nyuzi zilizotumika naona mtu anabonyeza wapi, kwa nguvu gani, kidole gani ni kivivu. Nikishaona nitamwambia cha kurekebisha pale shingoni, hata kwa kisu cha jikoni ataweza, fundi wa vyuma huyo.

Mwambie na yeye aniandikie mstari mmoja. Siku hizi namuwaza kama mtu ninayemfahamu. Mkono wake bado uko ukutani.

Fundi Nyuzi

* * *

Jumanne, 22 Aprili

Fundi,

Shikamoo. Nyuzi zenyewe hizi. Sikuziosha.

Kuandika hajapata nafasi. Bonge ameota meno mawili ya nyuma, nyumba nzima hatuna amani.

Mama Bonge

* * *

Jumatatu, 28 Aprili

Mama Bonge,

Nilizitandaza kwenye karatasi nyeupe, dirishani, nikavaa miwani yangu ya kazi. Uzi wa chuma ukibonyezwa juu ya vile vyuma vya shingoni unapata kovu kwa chini, dogo kama la sindano. Mtu akipiga mwezi mmoja yanakuwa makovu mengi, na ndiyo ninayoyasoma.

Sikuona hata moja. Nikadhani miwani. Nikamwita mwenzangu mwenye macho mazuri, naye hakuona.

Upande wa pili, pale juu ya tundu mkono wa kulia unapopiga, nyuzi zimepauka kwa jasho. Zimepigwa sana. Kila siku, naweza kuapa. Lakini zimepigwa zikiwa wazi zote sita, hakuna aliyezibonyeza, na uzi wa mwisho una maziwa yaliyokauka. Mtu mwenye wimbo hapigi hivyo. Anayepiga hivyo ni mtoto, au mtu mwenye mkono mmoja.

Nikainua macho nikaitazama ile karatasi ukutani. Vidole vyote vitano unene mmoja mpaka kwenye ncha. Gumba limekaa pembeni mno. Niliuona mkono huo kila siku kwa miezi miwili na sikujiuliza.

Binti yangu, ule mkono ulionichorea ni wa nani?

Fundi Nyuzi

* * *

Jumanne, 6 Mei

Fundi,

Shikamoo.

Ni glavu. Ni glavu yake ya kuchomelea, inaning'inia nyuma ya mlango mpaka leo. Nilikuja nayo kazini ndani ya mkoba wa Bonge, siku hiyo nilikuwa naye. Ilikuwa imejikunja, haikai kwenye karatasi, nikaipiga pasi. Niliweka kitambaa chenye maji juu yake nikakandamiza mpaka ikalala. Ngozi ikikandamizwa inatanuka, najua, ndiyo kazi yangu, ila siku hiyo sikutaka kujua. Nikaizungushia penseli.

Juni walikuwa wanasimamisha geti la ghala. Mnyororo wa kunyanyulia ukateleza. Wenzake wote waliruka, na yeye aliruka, mkono wa kushoto ukabaki. Hospitali waliuokoa, mifupa ikaunga. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyokataa. Vidole vimekunjika ndani, ukivifungua kwa mkono wa pili vinajirudia vyenyewe polepole, kama mtu aliyelala ukimvuta shuka. Karakana walikuja na maembe na maneno mazuri, halafu wakaweka mtu mwingine.

Mama wa mazoezi ya viungo alisema mkono upewe kazi, usiachwe ukae bure. Nikachukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani kama dawa. Nikasema moyoni, mkono huu kazi gani unaipenda. Nilidhani gitaa likiwa la kipimo chake cha zamani, mkono utalikumbuka. Ndiyo maana nilikupa glavu. Ningekupa mkono wenyewe ungeniambia hapana, na mimi sikuwa na mahali pa kuiweka hapana.

Uliniambia nimwangalie usoni. Nilimwangalia. Alifungua karatasi kwa meno na mkono wa kulia, akacheka kidogo, akalipakata. Kisha akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka kwenye shingo. Ukateleza. Akauweka tena. Ukateleza. Mara ya tatu Bonge akadhani ni mchezo, akacheka na kupiga makofi. Akaacha. Akasema, "Zuri sana. Ila hili ni la yule wa zamani." Akalisimamisha kwenye kona, akamwomba Bonge kikombe.

Mimi nikiwepo haligusi. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba nikitoka tu anapiga, kidole kimoja, juu chini, juu chini, mchana kutwa, mpaka anatamani kuhama. Nikirudi nakuta limesimama konani na Bonge ana alama ya nyuzi shavuni.

Ulipotaka nyuzi nilimwambia. Alizilegeza yeye kwa kulia, mimi nikishika. Alipozikunja akaniuliza, "Unampelekea mzee wa watu uongo wangu au wako?" Nilizitia kwenye bahasha.

Sasa unajua. Naona aibu kwa ajili ya ule mkono ukutani kwako. Naomba uutoe.

Mama Bonge

* * *

Jumanne, 13 Mei

Binti yangu,

Nimeutoa. Kosa nusu ni langu. Mkono wa mtu una vifundo, una kucha, kidole cha pete hakilingani na jirani yake. Nilifurahi mno kupata mkono mkubwa, nikaacha kuusoma. Miaka thelathini nawacheka wanaonunua kwa macho.

Nimekaa na jambo lako siku nne. Kwanza nilidhani tuligeuze, tufunge nyuzi kinyumenyume, kulia kubonyeze, kushoto kupige. Wapo wanaopiga hivyo. Lakini kupiga nako kunataka vidole, na vidole umenieleza. Nikafikiria kipande cha plastiki cha kufunga kifundoni. Nilijifunga kitambaa mkono wangu mwenyewe, nikajaribu. Nilichotoa si muziki, ni mtu anayekuna sufuria. Sitakudanganya kwa kuwa nakuonea huruma. Hakuna gitaa la mkono huo. Si namba mbili, si namba tano, si la pesa yoyote.

Ninaloweza ni dogo. Nyuzi zake sasa hivi zikipigwa wazi zinagombana, ndiyo maana jirani anatamani kuhama. Nimeandika nyuma ya karatasi hii uzi upi aulegeze na kiasi gani. Ni nyuzi tatu tu. Akifanya hivyo, zote sita zitapatana, akipita na gumba itatoka sauti moja nzuri. Moja tu, haibadiliki. Kwa wimbo unahitaji mkono wa pili shingoni, na mkono wa pili mimi siutengenezi.

Ukiona bora ulirudishe, lirudishe. Pesa yako nitaitoa yote, hata kama nimeshalichonga shingo.

Fundi Nyuzi

* * *

Jumatatu, 19 Mei

Fundi,

Shikamoo mzee. Mimi ndiye mwenye glavu.

Barua yako nimeikuta kwenye mfuko wa aproni ya mke wangu. Mtu anayelipwa kupekua mifuko ya watu amesahau wa kwake. Nilikuwa natafuta kiberiti. Nimeisoma yote, halafu nimezitafuta na nyingine, ziko chini ya nepi. Nisamehe kwa kuzisoma. Mimi ninao muda mwingi na magazeti hatununui.

Sikujua kama alikuchorea glavu. Nilikaa chini, nikaitazama pale mlangoni nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Nyuzi tatu nimezilegeza kama ulivyoandika. Umesema kweli, zinapatana. Jirani amekuja kuuliza kama tumenunua jingine. Bonge akisikia ile sauti moja anakaa chini kitako, anangoja inayofuata. Inayofuata haipo. Anangoja tu, mzee, ameniangalia mdomoni. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikwambie na mimi ninavyoishi. Asubuhi mke wangu anaondoka amenifungulia kila kifuniko kitakachonisumbua. Chupa, kopo, dawa ya meno. Nguo za mtoto amezipanga kwa namna ninavyoweza kuzivalisha kwa mkono mmoja. Anarudi amesimama tangu asubuhi kwenye pasi, anafua, anapika, ananiuliza habari za kutwa kama mtu aliyetoka safari ya raha. Mimi siwezi kumkamulia hata shuka. Siwezi kumfunga mtoto mgongoni mwake. Nikikaa kimya anadhani nimemkasirikia. Sijamkasirikia. Sioni cha kusema ambacho hakitakuwa kumwomba kitu kingine.

Umeandika kwamba wimbo unataka mkono wa pili shingoni. Nimelisoma neno hilo sana.

Jana Jumapili mchana alilala kwenye mkeka. Alijilaza akimbembeleza Bonge, Bonge akaamka yeye akabaki. Mkono wa kushoto umeanguka wazi pembeni. Nilisukuma karatasi chini yake polepole, nikaibana kwa goti, nikazungusha penseli. Katikati ya vidole nilimgusa mara nyingi, penseli ikimchora na yeye, kwa sababu mkono wa pili wa kuushikilia wake sina. Hakuamka. Ndivyo anavyochoka.

Mkono wenyewe huu hapa nyuma. Huu ni wa kweli, uko hai. Ile nundu kwenye kidole cha shahada ni lengelenge la pasi, usiihesabu. Ni mdogo, mimi mwenyewe nimeshangaa. Miaka minne nimeushika, sikujua ni mdogo hivi.

Ninalouliza ni hili. Yeye akikaa kushoto kwangu pale kizingitini, sanduku nikilipakata mimi, shingo likimfikia yeye, mimi napiga na yeye anabonyeza. Vidole vinakwenda wapi najua vyote, nitamwambia. Ule wimbo anaoutaka una mikao mitatu tu, haukuwahi kuwa mgumu, nilimdanganya. Gitaa gani linafaa mkono huo? Kwa akili yangu ni lile dogo la nailoni, namba moja, chuma kitamkata na vidole vyake vimeshaungua vya kutosha. Umesema bei moja. Tubadilishane.

Sijui nitalitoaje hili kubwa nyumbani bila yeye kujua, hilo sijalipatia njia, ofisi ya vifurushi ni mbali na kubeba siwezi. Na sijui kama atakubali. Anaweza kuniambia amechoka, na itakuwa kweli. Lakini nataka safari hii niwe mimi niliyechagua.

Niandikie nyumbani. Usipitishe kwa dobi.

Baba Bonge

* * *

Jumatano, 21 Mei

Fundi,

Shikamoo. Nimeamua. Nalirudisha.

Leo asubuhi nimetoka nalo mapema kabla hajaamka, nimelivisha shuka la kazini, nimelikabidhi ofisi ya vifurushi. Utalipata Ijumaa. Pesa usitume yote, kata ya nyuzi na ya shingo ulilolichonga, sitaki mtu mwingine apate hasara kwa glavu yangu. Jingine sitaki. Nilitaka kumrudisha mtu kwa nguvu, na mtu si shati, huwezi kumkandamiza akanyooka. Nitamchukua alivyo. Nilipaswa kuanzia hapo.

Alizilegeza zile nyuzi, bila shaka aliiona barua yako, kwa sababu Jumatatu niliisikia ile sauti moja nikiwa bado njiani. Ni nzuri, fundi. Nilisimama pale bombani bila ndoo. Ikapigwa tena, ile ile. Nikasubiri kama itageuka, haikugeuka. Nikajua siwezi kukaa nyumba moja na sauti hiyo.

Mengine ni ya kawaida. Bonge ameanza kuchora. Jumapili nilipitiwa na usingizi mchana, nimeamka mkono wangu wa kushoto una penseli katikati ya vidole vyote, mpaka kwenye kifundo. Nimemgombeza mtoto wa watu, akanikodolea macho tu. Baba yake akasema mwache, hajui alichofanya. Sabuni ya kwanza haikuitoa, mpaka leo pembeni ya gumba bado ipo, naiona nikishika pasi.

Mchana nilipiga simu nyumbani kumwambia, kwa sababu nisingeweza kuingia na kuiona kona tupu akiwa ananitazama. Nilijiandaa kwa kila kitu. Nilisema gitaa nimelirudisha kwa fundi, usiku kucha nimefikiri, nisamehe. Akaniuliza nimelifunga vizuri, shingo lisije likavunjika. Nikasema ndiyo.

Halafu akacheka. Si kile kicheko cha siku ile, alicheka kwa sauti, mpaka Bonge naye nikamsikia anacheka huko nyuma. Nilimuuliza unacheka nini, akasema rudi tu. Tangu Juni sijamsikia hivyo, na nimemaliza mashuka arobaini nikiwaza, sijui nimemfanya nini.

Mama Bonge